HOFU YA MARADHI NAYO HUPIMWA

Wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na methali hiyo tumeirithi na kuwafundisha watoto wetu, maana tumewaona wengi waliokufa kwa aibu ya kusema waumwa wapi. Lakini siku hizi amezuka miongoni mwetu mgonjwa wa namna nyingine. Yeye hafichi maradhi, huyatafuta. Huyatafuta usiku, kitandani, watoto wakiwa wamelala, kwa mwanga wa simu iliyo mkononi mwake. Na kwa kuwa simu haikosi jibu, huyapata.

Mwandishi wa makala hii hana haki ya kumcheka mtu huyo. Mwaka jana alishikwa na kichomi upande wa kushoto wa kifua. Badala ya kulala, alifungua simu akauliza. Neno kichomi halikumpa kitu cha maana, basi akaligeuza kwa Kiingereza alichofundishwa katika shule ya misheni, likawa maumivu ya kifua, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwetu sisi kichomi ni jambo la kila siku: laweza kuwa baridi, laweza kuwa mapafu, laweza kuwa mtu aliinua mzigo vibaya. Kwa Kiingereza cha simu, maumivu ya kifua ni moyo unaokaribia kusimama. Tangu saa nne hata saa tisa za usiku alisoma habari za mishipa ya moyo. Asubuhi alikwenda hospitali, akapimwa moyo kwa mashine, akaambiwa kwamba ni msuli tu. Alifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu alianza kujiuliza kama mashine ile ilikuwa nzima, akarudi kwenye simu, akasoma habari za watu ambao mashine ziliwaambia ni wazima kumbe sivyo. Akapimwa tena mahali pengine, kwa fedha iliyokuwa imekwisha kutengwa kwa ada ya shule. Jibu likawa lile lile.

Wataalamu wamelipa jambo hili jina la saibakondria. Ni jina lililoungwa vipande viwili: kimoja chatoka katika mambo ya kompyuta, na cha pili ni neno la kale la Kiyunani lenye kutaja mahali palipo chini ya mbavu, ambapo watu wa zamani walidhani ndipo huzuni na mashaka ya mwili hukaa. Nusu ya pili ya jina yatuonyesha kwamba ugonjwa wenyewe si mpya. Mwaka 1673 Mfaransa Molière aliwachekesha watu kwa mchezo wa mtu ajidhaniaye mgonjwa. Mwaka 1889 Mwingereza Jerome K. Jerome aliandika habari za kijana aliyekwenda maktaba ya British Museum kusoma juu ya maradhi madogo tu, naye akaondoka akiamini kwamba anayo maradhi yote ya kitabuni, ila moja la goti ambalo hupata watumishi wa nyumbani. Na kulikosa hilo moja kulimkera. Watu wamecheka kwa miaka mingi. Lakini tofauti yafaa ionwe: maktaba ile ilifungwa jioni, na ili kuifikia ilikupasa kuvaa viatu na kutoka nje. Simu haifungwi.

Waliochunguza kwanza namna simu na kompyuta zinavyoikuza hofu hii ni Ryen White na Eric Horvitz, wa kampuni ya Microsoft huko Marekani, ambao walichapa matokeo yao mwaka 2009. Walitazama maswali ambayo watu huuliza katika mitambo ya kutafutia habari, tena wakawahoji wafanyakazi 515 wa kampuni yao. Walichokiona ni hiki. Mtu huanza kwa kuuliza habari za kichwa kuuma. Katika kurasa ambazo mtambo humletea, uvimbe wa ubongo hutajwa karibu sawa na mtu kuacha kunywa kahawa, hali kadhalika hutajwa kana kwamba vyote viwili vyaweza kumpata kwa urahisi ule ule. Kumbe huko Marekani anayepatwa na uvimbe wa ubongo kwa mwaka hafikii mmoja katika watu 10,000, na walioumwa kichwa kwa kukosa kahawa hawahesabiki. Mtambo hausemi uongo. Haujui tu lipi ni la kawaida na lipi ni nadra, maana wenyewe hupima wingi wa maandishi, na juu ya uvimbe wa ubongo watu wameandika mengi. Nani aandike kitabu juu ya kahawa?

Asiseme mtu kwamba haya ni deko la watu wenye nafasi. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 wataalamu wa Uswidi walitoa habari za watu 4,129 waliokuwa wameandikwa na madaktari kwamba wana ugonjwa wa kuhofia maradhi, wakawalinganisha na wengine 41,290 wasio nao, kwa kuzifuata kumbukumbu za tangu mwaka 1997 hadi 2020. Waliokuwa na hofu hiyo walikuwa katika hatari ya kufa kuzidi wenzao kwa asilimia 84. Kwa wastani walikufa na umri wa miaka 70, na wenzao 75. Katika vifo vya kujiua walizidi karibu mara nne. Hawa walikuwa ni wale ambao hofu yao ilikuwa kubwa kiasi cha kuandikwa hospitali, wala hatusemi kwamba kila ashikaye simu usiku atafika huko. Lakini watu waliokuwa wakiambiwa kila siku kwamba hawana kitu ndio waliotangulia kuzikwa. Hilo latosha kututoa kicheko.

Sasa, jambo lisilopimwa ni vigumu kulitibu. Homa ina kipimajoto, damu ina mizani yake, hofu je? Hofu haina rangi wala joto. Njia iliyopatikana ni ya kumwuliza mtu maswali yaliyopangwa na kumpa alama kwa majibu yake. Mwaka 1967 daktari Issy Pilowsky alitunga maswali 14 ya ndiyo au siyo ambayo hata leo yatumika, naye aliona kwamba hofu ya maradhi ina sehemu tatu: kuufikiria mwili mno, kuogopa ugonjwa, na kushikilia kwamba ugonjwa tayari umo ndani. Mwaka 2002 Paul Salkovskis na wenzake huko Uingereza wakatoa kipimo kingine, na toleo lake fupi lina maswali 18. Vipimo hivyo viliuliza juu ya hofu yenyewe. Juu ya simu havikuuliza kitu.

Kazi hiyo ilifanywa na Eoin McElroy na Mark Shevlin wa Chuo Kikuu cha Ulster, Ireland ya Kaskazini. Mwaka 2014 walichapa kipimo cha maswali 33, walichokijaribu kwa wanafunzi 208. Kila swali hujibiwa kwa alama 1 mpaka 5, tangu kamwe hadi daima. Maswali yenyewe yamegawanyika mafungu matano. La kwanza lahusu kusukumwa: je, kutafuta dalili hukukatiza kazi na mambo mengine? La pili ni fadhaa: je, baada ya kusoma hupati utulivu wala usingizi? La tatu ni kupita kiasi: je, husoma kurasa nyingi juu ya jambo moja, na kuzirudia zile zile? La nne ni kutaka kutulizwa: je, huyapeleka uliyoyasoma kwa daktari, ukamwomba akufanyie kipimo fulani? La tano, lenye maswali matatu tu, lilihusu imani kwa daktari: akisema yeye hivi na simu ikasema vile, wamwamini nani?

Fungu hilo la tano ndilo lenye kisa. Wataalamu wengine walipokipima kipimo chenyewe, maana hata mizani hupimwa, waliona kwamba fungu la imani kwa daktari haliendi pamoja na mengine manne. Mtu aliyepata alama nyingi za fadhaa hakuwa lazima amemdharau daktari, na aliyemdharau daktari hakuwa lazima na fadhaa. Basi McElroy na wenzake walipotoa toleo fupi mwaka 2019, lenye maswali 12, waliliondoa fungu hilo zima. Yakabaki manne, kila moja maswali matatu. Kwa maneno mengine, walisadiki kwamba anayeteseka na simu yake usiku si lazima awe mkaidi wala mjuaji. Aghalabu ni mtu anayemwamini daktari, aliyekwenda kwake, aliyetulizwa, na ambaye utulivu wake haudumu. Mwandishi aliposoma hivyo alijitambua pale pale.

Alichukua maswali yale 12 akajijibu kwa kalamu. Alama ya chini kabisa ni 12 na ya juu ni 60. Yeye alipata 41. Hakuna mpaka uliokubaliwa na wote kwamba kuanzia alama hii mtu ni mgonjwa, na saibakondria haimo katika vitabu vikuu vya kuorodhesha magonjwa ya akili kama ugonjwa unaojitegemea. Basi 41 ni nini? Ni kitu cha kulinganisha: leo na mwezi ujao, kabla ya tiba na baada yake. Mwaka 2020 Jill Newby wa Australia, pamoja na McElroy huyo huyo, walionyesha kwamba mafunzo ya kubadili fikira na mazoea huzipunguza alama hizo. Na ajabu ni kwamba mafunzo yenyewe yalitolewa kwa intaneti. Bila kipimo, nani angejua kama yamefaa?

Lakini wakati wa kujijibu, mwandishi alikwama katika fungu la kutaka kutulizwa. Maswali yake yote matatu huchukulia kwamba mtu ana daktari wake. Waliotunga kipimo hawana kosa. Kwao tangu mwaka 1948 huduma ya afya ni ya umma. Kila mkazi huandikishwa kwa daktari wa jamaa, naye humwendea bila kutoa fedha. Swali la kama wampelekea daktari wako mambo uliyoyasoma ni swali la haki huko. Likilie hapa kwetu tuone. Mfanyakazi wa kiwandani au kuli wa bandarini akiumwa huanzia duka la dawa, maana ndilo lililo karibu na halimpotezei siku ya kazi. Akizidiwa huenda zahanati, ambako atamwona muuguzi au tabibu, na akibahatika atapewa barua ya kwenda mbele. Daktari bingwa kwake ni jina linalosikika. Tangu mwaka 1993, serikali ilipoanza utaratibu wa kuchangia gharama, kila hatua ya safari hiyo imekuwa na risiti yake. Mtu huyu akiulizwa mara ngapi humwomba daktari amfanyie kipimo alichokisoma, atajibu kamwe, atapata alama 1, na kipimo cha Ulster kitamwandika kuwa ni mtulivu. Kumbe yamkini hofu imemla mpaka mfupa, ila hana mlango wa kubisha.

Na kosa laweza kwenda upande wa pili. Yuko mama anayesoma kurasa kumi juu ya homa ya mtoto wake, akizirudia, kwa sababu zahanati imefungwa hadi kesho na barabara ni ya matope. Alama zake za kupita kiasi zitakuwa nyingi. Je, huyo naye tumwite mgonjwa wa hofu? Hofu yake ina sababu, na kutafuta kwake ndiyo tiba pekee aliyo nayo kwa usiku ule. Wataalamu wenyewe wametuachia ushahidi wa kumtetea. Mwaka 2019 kikundi cha akina McMullan na Starcevic wa Australia kilikusanya uchunguzi mwingi wa watu mbalimbali pamoja. Kikaona kwamba hofu ya maradhi imeungana na kule kutafuta tu habari za afya kwa kiasi cha 0.34, na imeungana na saibakondria kwa kiasi cha 0.62, katika mizani ambayo 0 ni kutokuwa na uhusiano na 1 ni kwenda pamoja kabisa. Kutafuta peke yake, basi, ni kitu kimoja. Na kutafuta kwenye kumshika mtu koo ni kitu kingine. Mwaka 2021 David Levine na Ateev Mehrotra wa Marekani waliwapa watu 5,000 visa vya wagonjwa wa kufikirika, wakawaambia watafute katika intaneti. Waliotambua ugonjwa kwa usahihi waliongezeka kidogo, kutoka asilimia 49.8 hadi 54, wala wasiwasi wao kwa jumla haukuongezeka. Mwajiri au kiongozi atakayetumia jina la saibakondria kumfukuza mfanyakazi mlangoni mwa zahanati, akimwambia kwamba maumivu yake ameyasoma kwenye simu, atakuwa amekitumia kitu cha elimu kwa dhuluma. Nasi tumekwisha kusikia maneno ya namna hiyo.

Twataka nini basi? Twataka kipimo chetu. Kutafsiri maswali 12 kwa Kiswahili si kazi ya juma moja, na kutafsiri pekee hakutoshi. Wajerumani, Wapolandi, Waituruki na Waitalia walipokichukua kipimo hicho walikijaribu upya kwa watu wao kabla ya kukiamini. Wakroatia walifanya zaidi: walitunga chao, chenye maswali manne tu. Wala sisi hatuanzi patupu. Mwaka 2008 Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapa matokeo ya kipimo cha kutambua sonona, chenye maswali 19, kilichotengenezwa papa hapa Dar es Salaam kwa maneno ambayo wagonjwa wa hapa hutumia kuelezea mateso yao. Waliojua kuuliza habari za sonona kwa Kiswahili watashindwaje kuuliza habari za hofu? Katika kipimo cha namna hiyo kichomi kitaitwa kichomi. Duka la dawa litatajwa, na mganga wa kienyeji, na maombi ya usiku, maana huko nako watu huenda kutulizwa. Na tukiviacha vitu hivyo nje tutakuwa tumempima Mwingereza aliyevaa kanzu.

Lipo jambo lingine linalofaa kukumbushwa, hasa kwa vijana wa Chama wasiolijua. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 redio ilitoa vipindi juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, na watu wapatao milioni mbili wakavisikiliza wakiwa wamekaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyefunzwa. Viongozi hao walikuwa kiasi cha 75,000. Habari za maradhi zilikuwa za kutisha zamani hizo kama zilivyo sasa. Lakini mtu aliyeshtuka kusikia dalili za kichocho alikuwa na jirani ubavuni pake aliyesikia maneno yale yale kwa lugha ile ile, na kiongozi wa kumwuliza. Kikao kilipokwisha walikwenda kuchimba vyoo. Hofu ilipata kazi ya kufanya. Anayesoma simu yake usiku hana jirani, hana wa kumwuliza, na mara nyingi hana hata lugha yake. Na akimaliza ukurasa mmoja kazi anayopewa ni kufungua mwingine.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nasi twaiunga mkono kwa moyo wote. Wanaoitekeleza tunawaomba wakumbuke kwamba katika fedha zitakazolipwa na mfuko zitakuwamo za watu watakaopimwa moyo mara mbili na tatu kwa sababu ya jambo walilosoma usiku, kama alivyofanya mwandishi huyu. Tabibu aliyefunzwa kuuliza maswali machache ya hofu, akapewa dakika kumi za kuyasikiliza majibu, ni nafuu kuliko mashine. Matawi ya Chama kazini na vyama vya wafanyakazi vyaweza kuanza hata leo, kwa kumwalika muuguzi wa zahanati ya karibu mara moja kwa mwezi, watu wamletee yale waliyoyasoma, mbele ya wenzao, kwa Kiswahili.

Kichomi cha mwandishi kilirudi majuma matatu yaliyopita, mahali pale pale. Simu alimpa mkewe ailaze chumba cha watoto. Asubuhi alipanga foleni zahanati tangu saa moja hata saa sita, akamwona tabibu kijana ambaye alimbonyeza kifuani kwa vidole viwili mpaka akapiga kelele, akamwuliza kama kitanda cha ofisini anakolala siku za kuchapa gazeti kina godoro.